Gari la marehemu litakuwepo kwenye nyama choma yetu. Tumwalike mkewe?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanaume wa miaka 42, naishi Arusha, nina mke na watoto wawili. Ni katibu wa klabu ndogo ya wamiliki wa Land Rover. Tupo familia ishirini na kitu: madereva wa utalii, mafundi, walimu, mfanyabiashara wa mbao, na wazee wachache waliostaafu. Tunatafutiana spea, mtu akikwama porini tunamfuata, na tukifiwa tunazikana. Kila Desemba tunafanya siku ya familia, tunachoma nyama, tunakula na watoto. Mwaka huu kamati naiongoza mimi, na usingizi umenipotea.

Nikueleze kidogo inavyokuwa. Tunakodi eneo upande wa Tengeru, si mbali na Ziwa Duluti, mahali penye miti na choo safi. Kila familia inachanga shilingi 60,000. Mbuzi tunanunua Ngaramtoni, mwenzetu Muislamu anachinja ili kila mtu ale bila wasiwasi, na wanaotaka kitimoto wana jiko lao pembeni kabisa, na visu vyao na sinia zao. Akina mama wanakuja na ndizi, pilau na kachumbari. Kila familia inataja mapema nani hatagusa bia, kwa sababu barabara ya kurudi mjini siku za sikukuu imejaa bodaboda na askari wenye kipimo cha ulevi. Magari yanapangwa mstari mmoja, boneti zimefunguliwa, na watoto wanapita wakipiga kura gari gani ni zuri kuliko yote.

Miaka yote nyama ilikuwa inachomwa na rafiki yangu mmoja, mtu wa Machame. Hakutaka haraka. Alisubiri mkaa utulie kabisa, chumvi na ndimu, basi, na aliyemletea viungo vya kwenye pakiti alirudishwa navyo. Oktoba 2024, lilipofanyika tamasha la Land Rover hapa Arusha, alikuwa kwenye msafara na Defender yake, watoto wake watatu wamejaa dirishani. Majina yao aliyaandika mwenyewe kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa nyuma.

Mwezi wa nne mwaka huu alifariki. Alikuwa ameugua muda.

Baada ya msiba ndugu zake walisema gari liuzwe ili madeni ya hospitali yalipwe. Mke wake hakusema kitu, au kama alisema sisi hatukusikia. Aliyenunua ni mwanachama mwenzetu. Sitaki kumsema vibaya. Alitoa bei nzuri, na alisema afadhali libaki kwetu kuliko liende kukatwa vipande liuzwe kama spea. Yale majina hajayafuta. Anasema mkono unakuwa mzito.

Sasa kwenye kikao nilipendekeza huyu mama na watoto waalikwe bila mchango. Mwenyekiti akasema katiba yetu iko wazi, mwanachama ni mwenye gari, na wapo waliouza magari yao wakaondoka, nao watauliza mbona wao hawakuitwa. Mweka hazina akamuunga mkono. Mzee mmoja, tena kwa upole, akasema tukimwalika tutamtonesha kidonda: watoto wakute gari la baba yao limepangwa pale na mtu mwingine ameshika funguo. Aliyelinunua akasema yuko tayari kuja bila gari. Lakini niliona limemuuma, kwa sababu ni mara ya kwanza analeta familia yake na wanawe wanaihesabia siku.

Nyumbani nako kuna jambo. Tangu msiba nimekuwa nikipita kwa yule mama, leo napeleka unga, kesho namshughulikia bomba la maji. Mke wangu hajanituhumu kitu. Amesema tu kwamba nimekuwa msemaji wa mke wa mtu, na kwamba nikimwalika mimi, yeye atabaki nyumbani. Na hawa wawili zamani walikuwa wanakaa mkeka mmoja wakimenya ndizi mpaka jua linazama.

Wiki iliyopita mtoto wake mkubwa, yuko kidato cha pili, alinipigia. "Anko, mwaka huu tunachoma lini?" Nikamwambia nitamjulisha.

Tarehe tumeshapanga, Desemba 26. Michango imeanza kuingia. Nifanye nini, Mama?

Katibu, Arusha


MAMA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kufiwa na rafiki. Umeandika ukurasa mzima kuhusu mjane, mwenyekiti na mke wako, na huzuni yako mwenyewe umeipitisha pembeni kimya kimya, ila nimeiona ulipofika kwenye mkaa na ndimu. Mwaka huu unaandaa sherehe ambayo rafiki yako ndiye aliyekuwa akiipa ladha. Hilo peke yake lingetosha kukunyima usingizi, hata kama pasingekuwa na ubishi wowote kwenye kikao.

Unaniuliza kama mumwalike au msimwalike. Niruhusu niliweke hivi nilivyolielewa: mna siku ya familia, na familia moja imepoteza baba na gari kwa pamoja, na gari lenyewe halikwenda mbali, limebaki kwenye mstari wenu. Wenzako wanaogopa mambo tofauti. Mmoja anaogopa katiba kuvunjika, mwingine anaogopa watoto kuumia, mwingine anaogopa kuonekana mnyang'anyi kwa kitu alichonunua kwa nia njema. Mke wako anaogopa jambo ambalo bado hajalisema lote. Na wewe unaogopa kumwangusha rafiki aliyekufa. Sioni mtu mbaya kwenye barua yako.

Lakini nimeisoma mara ya pili nikimtafuta mtu mmoja, nikamkosa. Yule mama mwenyewe anasema nini? Shemeji zake walisema kuhusu gari. Mwenyekiti amesema kuhusu uanachama wa marehemu mume wake. Mzee wenu amesema kuhusu maumivu yake. Wewe umesema kuhusu mwaliko wake. Umepita kwake mara nyingi na unga na spana, na bado kwenye barua hakuna sentensi yake hata moja. Umeandika kwamba kama alisema "hatukusikia", na hapo nilisimama. Sikulaumu. Msibani watu huwa wengi, wazee wanazungumza, na mwanamke aliyefiwa anakaa chini na wanawake wenzake, maneno yake hayafiki kwenye kikao. Ila miezi imepita sasa, na anaweza kuulizwa.

Pengine atakwambia anatamani kuja kwa sababu nyumba imekuwa kimya mno. Pengine atasema hawezi hata kusikia harufu ya nyama inayochomwa. Pengine watoto wanataka na yeye hataki, na hilo lina namna yake. Tena mnadhani wataliona gari kwa mara ya kwanza siku hiyo. Arusha siyo kubwa kiasi hicho, mwanangu. Defender yenye majina ya watoto mlangoni ikipita Sakina au ikisimama kwenye mataa, unafikiri hawajaiona? Inawezekana walishaiona na walishalia, na ninyi mnajadili jinsi ya kuwakinga na jambo lililokwisha kutokea. Inawezekana pia hawajaiona. Sijui mimi, na ninyi kwenye kikao hamjui. Yeye anajua.

Sasa kuna jambo hukuniuliza, nami nalisema kwa sababu naona linaweza kuwa zito kuliko katiba. Hiyo tarehe. Desemba 26, mke wa mtu wa Machame, Krismasi ya kwanza tangu mumewe azikwe! Wewe unawajua watu wa Kilimanjaro. Desemba wanarudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza na kila mahali, ukoo unakusanyika, mbuzi anachinjwa, wazee wanataka kuona wajukuu. Mwaka huu kaburi liko kihambani, kwenye shamba la ukoo, na wakwe watataka wale watoto watatu wawepo. Akibaki Arusha au akishuka mapema kwenda kula nyama Tengeru na marafiki wa mumewe, wapo watakaosema ameshamsahau. Maneno hayo hayatasemwa kwako wala kwa mwenyekiti. Atayabeba yeye, mbele ya watu ambao ndio walioshika mambo ya mali ya mumewe. Kwa hiyo mnaweza kumwalika kwa moyo safi kabisa na bado mkamweka pabaya.

Ipo Desemba 9, sikukuu ya Uhuru. Wengi wanakuwa hawajaanza safari za nyumbani, na watoto wa shule wameanza likizo au wako mbioni kufunga. Lakini ina ubaya wake pia: mvua za vuli zinaweza kuwa zimeacha tope pale mnapopaki, mishahara ya Desemba haijatoka, na wenzenu wanaokuja kutoka mbali kwa ajili ya Krismasi watakosa. Mmeshapokea michango ya watu kwa tarehe nyingine. Siwezi kukwambia uihamishe. Nasema tu kwamba kabla hujamuuliza atakuja, muulize Krismasi hii anatakiwa kuwa wapi.

Kuhusu mwenyekiti, jaribu kumsikiliza kama mtu anayelinda kitu. Vikundi vingi vimekufa kwa sababu hela ya wote iligeuka kuwa ya huruma ya mmoja. Ila naona uanachama na mwaliko vimechanganywa. Mwanachama anapiga kura na ana haki kwenye mfuko. Mgeni anakula, anashukuru, anakwenda. Jiulizeni, miaka yote hiyo hajawahi kula pale fundi asiye na gari, au shemeji ya mtu aliyekuja kutembea? Kama wamekula, basi katiba haikuwahi kuwakataza. Na kama mwenyekiti bado ana wasiwasi wa waliouza magari, mnaweza kukubaliana kwamba mwaliko huu ni kwa familia za wanachama waliofariki. Hapo napo kuna gharama: kesho akifa mwingine, mtakuwa mmeahidi. Mjue hivyo mkiwa mmekaa, msije mkashtuka baadaye.

Halafu hilo la bila mchango. Najua ulilisema kwa wema. Lakini jina lake likisomwa kwenye orodha, wote wana 60,000 mbele yao na yeye ana neno "msamaha", anakuja akiwa ameinamisha kichwa. Wapo watu ambao wangependa kulipa nusu, au kuja na sufuria la ndizi zao kama walivyozoea, kuliko kubebwa. Mpe nafasi ya kuchagua bila hadhara. Na tafadhali, kama mna mshereheshaji, akatazwe mapema kumsimamisha mjane katikati ya watu kwa dakika ya kumkumbuka marehemu, isipokuwa yeye mwenyewe amesema anataka. Nimeona wanawake wakisimamishwa hivyo, kipaza sauti kinawekwa mdomoni, watoto wanatazama chini.

Tuje kwenye gari. Mwenzenu amejitolea kuja bila hilo gari. Ni uungwana, lakini bei yake wanalipa watoto wake, ambao hawakununua wala kuuza chochote. Njia nyingine ni gari lije na lisiingie kwenye kura ya watoto mwaka huu, ingawa watoto watauliza kwa nini, na mtu atalazimika kujibu. Njia ya tatu ndiyo ninayoifikiria zaidi: yeye na mkewe waende kumwona yule mama kabla ya sherehe, nyumbani kwake, pasipo umati. Wamwambie tumekuja na gari, liko nje, watoto wakitaka kukaa ndani wakae. Wamuulize kuhusu yale majina mlangoni, yabaki au yafutwe. Kama yupo mtu wa kuulizwa jambo hilo, ni yeye na wanawe.

Lakini ziara hiyo nayo ina hatari, na usiwapeleke watu bila kuwaeleza. Anaweza kusema kwamba hakukubali liuzwe. Gari likiwa kwa jina la marehemu, huwa panahitajika msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama kabla ya umiliki kuhamishwa TRA kihalali. Sijui kwenu lilikwendaje na simhukumu mtu. Mnunuzi aitazame tu kadi na karatasi zake akiwa ametulia, kwa faida yake pia. Na ikiwa mama ana maswali kuhusu haki zake na za watoto, kuna maofisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri, na kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao wanasikiliza watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Mazungumzo hayo yasifanyike pembeni ya jiko la nyama, watu wameshika chupa.

Mke wako. Hapa nenda taratibu sana. Amekwambia umekuwa msemaji wa yule mama, na wewe umelisikia kama wivu. Inawezekana upo kidogo, naye ni binadamu. Lakini mjane kijana anayepitiwa mara kwa mara na mwanaume mwenye mke wake, hata kama analeta unga, majirani wanahesabu. Mke wako anaweza kuwa anakulinda wewe, anajilinda yeye, na anamlinda yule mwenzake, vyote kwa pamoja. Tena na yeye alipoteza kitu: mtu wa kukaa naye mkeka mmoja. Je, amewahi kuulizwa amelipokeaje? Au ulimletea uamuzi ukiwa umeshaiva?

Ingekuwa vizuri akina mama hao wawili wakaonana kwanza, bila wewe. Ila usimtume. Ukimtuma kupeleka mwaliko uliokwisha kuuandika kichwani, atajua, na ataenda kwa ajili ya kumaliza maneno nyumbani, au hataenda. Mwambie unavyojisikia kuhusu rafiki yako, mwambie kuhusu ile simu ya mtoto, kisha muulize yeye angefanyaje. Halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize. Anaweza kukataa kabisa kujihusisha. Kama akikataa, wapo wake wengine kwenye klabu waliokuwa wakikaa kwenye mkeka ule.

Na ikitokea mama akasema asante lakini mwaka huu hapana, mpokee hivyo hivyo. Familia mbili zinaweza kumpelekea mguu wa mbuzi na ndizi jioni, mkakaa naye robo saa, mkaondoka. Watoto peke yao wanaweza kuja na familia ya rafiki yao kama mama yao ameruhusu. Yote hayo anaweza kuyakubali au kuyakataa, na jibu la mwaka huu si jibu la mwakani.

Nimemwacha yule kijana mwishoni ingawa ndiye aliyenigusa kuliko wote. Nadhani amesimama pembeni ya baba yake mbele ya mkaa miaka mingi, na anataka kujua kama pale bado pana nafasi yake. Kama mama yake akikubali, mchomaji wenu mpya anaweza kumweka karibu, ageuze nyama, atie chumvi, aonyeshe jinsi baba yake alivyokuwa akisubiri moto utulie. Itampa kitu cha kufanya na mikono yake. Hofu yangu ni maneno ya watu wazima: "Sasa wewe ndiye baba wa nyumba." Mtoto wa kidato cha pili hapaswi kukabidhiwa nyumba juu ya sinia la nyama. Akichoka katikati aachwe aende kuvuta kamba na wenzake, na pasiwe na mtu wa kumwita arudi.

Na mpigie simu. Ulimwambia utamjulisha, na kwa mtoto aliyefiwa, ukimya wa mtu mzima ni mrefu sana. Huna haja ya kuwa na jibu kamili. Unaweza kumwambia kwamba bado mnapanga, kwamba kwanza utaongea na mama yake, na kwamba hukumsahau. Usimwahidi tarehe.

Ukishaongea na mke wako na yule mama, niandikie tena, nami nitakusikiliza. Na kama mke wako angependa kuandika barua yake mwenyewe, mwambie nitaisoma kwa moyo huu huu.